Samaki wa moshi: kubanika, kukausha na kuweka, hatua kwa hatua

Bibi aliyenifundisha kubanika samaki, kule Micheweni, kaskazini ya Pemba, hakuwa na saa wala mizani. Humtwaa samaki chanjani, akamgonga kwa ukucha, akasikiliza. Akisikia mlio mkavu kama wa kifuu, humtia pakachani. Akisikia kimya, humrudisha motoni. "Huyu bado ana bahari ndani yake," husema.

Miaka mingi baadaye nikaajiriwa jikoni, kwenye hoteli moja ya pwani ya Unguja. Wiki yangu ya kwanza nilipewa boksi la vyakula kutoka nje nivipange. Ndani mlikuwa na pakiti bapa zimeandikwa kwa Kiingereza smoked salmon. Nikasoma, nikaona nimefahamu: samaki wa moshi. Samaki wa moshi nimemjua tangu utoto, ananing'inia juu ya meko mwezi mzima na haharibiki. Basi nikawapanga kabatini pamoja na mchele na unga. Asubuhi yake mpishi mkuu alifungua kabati, akanyamaza, kisha akaniita. Akachana pakiti moja akaniwekea kipande kiganjani: chekundu, chepesi kama karatasi, laini, kina unyevu wa nyama mbichi. "Mwanangu, huyu kapita moshini tu. Hajaiva wala hajakauka. Mahali pake ni kwenye friji." Pakiti zote zikatupwa.

Siku hiyo ndipo maneno ya bibi yaliponiingia sawasawa. Moshi humpa samaki harufu na rangi, na humkinga kidogo kwa nje. Kinachomfanya akae ni kutokwa na maji. Ukilishika hilo, kila hatua nitakayoieleza hapa chini utaijua sababu yake, na utaweza kuirekebisha kwa samaki uliyenaye, jiko ulilonalo na mvua inayokunyeshea.

Neno moja la Kiingereza, maneno yetu mengi

Nianze na neno, kwa kuwa vijana wetu wengi wako mahotelini na hukutana nalo kila siku. Smoked hutamkwa kama "smoukt", na ile t ya mwisho lazima isikike. Linaeleza kitu kilichokwishapitishwa moshini. Halisemi kama kitu hicho kimeiva, wala kama kimekauka, wala kama kina chumvi. Hapo ndipo nilipoingia mtegoni.

Sisi tunagawa. Samaki aliyepachikwa kwenye ubano au kuwekwa kwenye chanja juu ya makaa huyo kabanikwa. Akikaa siku mbili tatu juu ya moto mdogo mpaka akawa mgumu, huyo kakaushwa kwa moshi. Aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani ni ng'onda, na moshi hakuuona. Nguo tunaifukiza kwa udi, na mtungi wa maji wa kizamani ulifukizwa kwa ubani ili maji yanukie. Ukimtoa ng'onda, kote humo mna moshi, lakini kazi ya moshi kila mahali ni nyingine, nasi tumeipa kila kazi jina lake.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza mezani kama samaki ni smoked, usikimbilie kusema ndiyo. Mwambie kilichofanyika. Kama kawekwa juu ya makaa nusu saa akaletwa na ndimu, kwa Kiingereza huyo ni grilled. Kama kaiva kwa moshi wa moto, ni hot smoked. Kile chembamba cha kwenye pakiti ni cold smoked: hutiwa chumvi kisha huwekwa kwenye moshi wa baridi, chini ya nyuzi 30 hivi za Sentigredi, joto ambalo haliivishi kitu. Huyo wa mwisho ni samaki mbichi kwa hali zote. Hukaa kwenye friji tangu kiwandani hadi kwenye sahani, na mama mjamzito haifai ale bila kupikwa, kwa sababu ya bakteria wa listeria ambao baridi ya friji haiwazuii kuzaana.

Neno hilohilo utaliona kwenye chai ya Lapsang Souchong ya Fujian, China, ambayo majani yake hukaushwa kwa moshi wa msonobari, na kwenye pilipili ya unga ya La Vera, Hispania, inayokaushwa kwa moto wa mwaloni. Kwenye kioo cha gari au meza, maana yake ni kioo chenye weusi wa kimoshimoshi, na hapana moto uliopita hapo. Vijana wa mpira na michezo ya kompyuta hulitumia kwa kusema timu imefungwa vibaya. Na ukiona pakiti imeandikwa smoke flavour, jua kwamba ni ladha ya moshi iliyotiwa kutoka chupani.

Basi, turudi jikoni kwetu.

Samaki wa kuanzia

Moshi haufufui samaki. Samaki aliyelala juani mtumbwini tangu alfajiri, ukimbanika jioni utapata samaki mbovu mwenye harufu nzuri, na huyo ni hatari kuliko mbovu anayenuka, kwa sababu pua yako haitakuonya.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jodari, vibua na nguru. Nyama ya samaki hawa, ikikaa kwenye joto, bakteria huigeuza sehemu yake kuwa kitu kinachoitwa histamini. Histamini ikishaingia haitoki: haiondoki kwa kuchoma, kwa kuchemsha, kwa chumvi wala kwa moshi. Aliyeila huanza mdomo kumwasha, uso kuwa mwekundu na wa moto, kichwa kumgonga, moyo kwenda mbio, mara nyingi kabla hata saa mbili hazijapita. Watu husema kapata mzio wa samaki, kumbe samaki alicheleweshwa barafu. Ukinunua kwenye soko la samaki la Tumbe, Pemba, au la Malindi, Unguja, nunua mapema, na uende na ndoo yako yenye barafu.

Nikiwa mnadani naangalia jicho kwanza, kisha nafungua matamvua. Jicho liwe limejaa na linang'aa, matamvua yawe mekundu, na nyama uliyoibonyeza irudi. Nikimkuta bibi ana samaki wa kubanikwa tayari, nauliza kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Huyu kolekole wa lini?"

"Marahaba mwanangu. Kavuliwa juzi, kalala motoni siku mbili. Mgonge umsikilize."

Muuzaji anayekwambia umgonge samaki wake, mnunue.

Kwa anayeanza, nashauri changu, kolekole au chewa. Mafuta yao ni machache, wanakauka vizuri na wanakaa. Vibua na jodari ni watamu mno kwenye moshi, lakini mafuta yao huchacha wakikaa sana, kwa hiyo wabanike wa kula wiki hiyo. Papa mimi simtii moshini. Nyama yake ina urea, ambayo hugeuka kuwa ile harufu kali ya mkojo, na dawa yake ni chumvi nyingi na jua. Huyo mwache awe ng'onda.

Tanuri ya pipa

Chanja ya miti minne juu ya moto wa uani inatosha, na wengi hatukuwa na kingine. Kasoro yake ni kwamba inakula kuni nyingi, upepo unaichezea, na anayeangalia moto anavuta moshi mchana kutwa. Macho ya bibi yaliharibika mapema, naye alikaa miaka mbele ya chanja ya namna hiyo. Kwa hiyo, ukiweza, tengeneza tanuri ya pipa, uiweke nje, na wewe ukae upande unaotoka upepo.

Tafuta pipa la chuma la lita 200 lililokuwa na mafuta ya kula. Lililokuwa na kemikali usiliguse, hata ukiambiwa limeoshwa. Toa kifuniko cha juu. Chini kata mlango wa mraba, sentimita 30 kwa 30, ubakize upande mmoja uwe bawaba. Kiasi cha sentimita 40 kutoka chini, pitisha nondo mbili nyembamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake weka kipande cha chuma kilichotobolewa matundu pembeni, kikiwa kimeinama kidogo upande mmoja na kopo chini ya ncha yake. Wengi wanakiruka kipande hiki, nami nakuomba usikiruke. Mafuta ya samaki yakidondokea makaa hulipuka moto na kutoa moshi mweusi uliojaa sumu za jamii ya benzopireni, ambazo zinaweza kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, haukubali nyama ya samaki wa moshi yenye zaidi ya mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo. Wazo la kukinga mafuta yasifike motoni ndilo pia lililomo kwenye tanuri ya FTT-Thiaroye, ambayo FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliisanifu kule Senegal kwa ajili ya wabanikaji wa Afrika.

Juu ya kipande hicho pitisha nondo nyingine za kubebea wavu: wa kwanza kwenye sentimita 60, wa pili kwenye 75. Wavu uwe wa chuma kitupu. Waya wa mabanda ya kuku umepakwa zinki, na zinki haitakiwi kugusana na chakula chenye chumvi juu ya moto. Kifuniko cha juu ni lile bati ulilolikata, au gunia la katani lililoloweshwa. Kabla ya samaki wa kwanza, washa moto mkubwa ndani ya pipa tupu kwa saa nzima, uache lipoe, kisha ulisugue kwa mchanga na maji.

Elekeza mlango wa moto mbali na upepo. Wakati wa kusi mlango uangalie kaskazini, wakati wa kaskazi uugeuze uangalie kusini. Upepo ukiingia mlangoni unapata miali, nasi hatutaki miali.

Kuni

Makumbi ya nazi ndiyo mwenzangu wa kwanza. Yanawaka polepole, yanatoa moshi mwingi, na kisiwani hayaishi. Vifuu vina joto kali, kwa hiyo navitumia kupata makaa, kisha naweka makumbi juu yake. Mwembe, mpera na mfenesi uliokauka nayo ni mizuri. Kuni ziwe kavu, lakini makumbi unaweza kuyanyunyizia maji kidogo ili yafuke bila kuwaka.

Mikoko inawaka vizuri, najua, na wazee waliitumia. Lakini samaki wadogo wanakulia kwenye mizizi yake, na kuikata bila kibali ni kosa. Mbao zenye rangi au dawa ya mchwa, plastiki, matairi, mafuta ya taa ya kuchochea: hivyo vyote vinaishia kwenye nyama utakayompa mtoto wako. Washa kwa majani makavu ya mnazi.

Kumtayarisha

Para magamba, tumbua, toa matamvua na ule utando mweusi wa tumboni, kisha osha damu yote iliyoganda kwenye mfupa wa mgongo. Damu ikibaki, nyama ya hapo huwa chungu na ndiyo huharibika kwanza. Tumia maji safi ya kunywa au maji ya bomba, usitumie ya gatini.

Samaki wa chini ya nusu kilo mwache mzima, umchanje pande zote mbili. Zaidi ya hapo mpasue mgongoni umfungue kama kitabu, au mkate vipande visivyozidi unene wa vidole viwili. Vyote viwe sawa kwa unene. Kipande kinene kati ya vyembamba kitatoka kimekauka nje na kibichi katikati, na ukichanganya pakachani kitawaoza wenzake.

Sasa chumvi. Kwa kila lita 1 ya maji tia gramu 100 za chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote, zamisha samaki. Vipande vyembamba dakika 30, vinene saa 1. Chumvi hii inaikaza nyama isivunjike kwenye wavu, na inaleta ladha. Ukitaka samaki wa kuweka muda mrefu, ongeza hadi gramu 200 kwa lita, lakini ujue utamloweka kabla ya kumpika. Maji ya chumvi yaliyokwishatumika yamwage, usiyaweke kwa samaki wa kesho.

Ukimtoa, msuuze mara moja tu, halafu mning'inize au mlaze kwenye wavu kivulini, penye upepo, saa 1 hadi 2, ukiwa umemfunika kwa chandarua kuzuia nzi. Haraka ya hapa ndiyo huharibu kazi za wengi. Subiri mpaka juu ya nyama pawe na utando mwembamba unaong'aa: ukigusa, kidole kinanata kidogo na hakilowi. Utando huo ndio unaoushika moshi. Samaki aliyeingia tanuri akiwa majimaji, moshi humwachia masizi, rangi ikawa nyeusi ya madoa na ladha ikawa ya dawa.

Moto wa hatua tatu

Washa moto nusu saa kabla, uache miali ife, ubaki na makaa. Weka makumbi juu yake. Moshi ukiwa mweupe mwembamba, ingiza samaki. Ukiwa wa kijivu mzito, ngoja. Panga samaki bila kugusana, kwa nafasi ya kidole baina yao. Kama una kipimajoto cha jikoni, kitie kwenye tundu dogo usawa wa wavu wa chini. Ni kitu cha bei ndogo na kitakuokolea samaki wengi.

Saa ya kwanza iwe ya joto dogo, nyuzi 40 hivi, na moshi mwingi. Ukianza na moto mkali, nyama ya nje inajifunga kama ganda, maji ya ndani yanakosa njia, na utakuwa na samaki anayeonekana mkavu huku moyo wake umelowa. Kosa hilo ndilo bibi alikuwa akilisikiliza kwa ukucha.

Saa ya pili panda taratibu mpaka nyuzi 60. Hapo rangi inaanza kuja, manjano kwanza, halafu ile ya asali. Geuza samaki, na wa wavu wa juu washushe chini.

Hatua ya tatu ni ya kumwivisha. Ongeza makaa ya vifuu, fikisha nyuzi 80, ukae hapo saa 1 au zaidi kwa kadiri ya unene. Ndani ya nyama, sehemu nene kabisa, joto lipite nyuzi 60 na likae nusu saa. Huna cha kupimia? Fungua mmoja: nyama iwe nyeupe isiyopenyeka mwanga, iachane na mfupa bila kuvutwa, na damu ya mgongoni iwe imebadilika rangi kabisa.

Wakati wote huo usiondoke. Miali ikitokea, nyunyiza maji kidogo au funga mlango. Mafuta yakijaa kopo, yamwage.

Aliyeiva, na aliyekauka

Samaki uliyemtoa sasa, baada ya saa tatu nne, ni mtamu kuliko wote. Nyama ni laini, ina harufu, unamla kwa mikono na muhogo wa kuchemsha. Lakini sikiliza hesabu hii.

Samaki mbichi, kwa wastani, robo tatu yake ni maji. Ukiweka kwenye wavu kilo 1 ya vipande, ndani yake mna gramu 750 za maji na gramu 250 za vitu vingine. Aliyeiva kwa saa nne atakuwa na gramu 700 hivi. Ile gramu 250 iko palepale, kwa hiyo maji yaliyobaki ni gramu 450. Yaani huyu unayemwona kabanikwa, karibu thuluthi mbili yake bado ni maji. Huyo ni chakula cha leo na kesho, au cha friji kwa siku tatu.

Bakteria wanaooza samaki hukwama maji yakishuka chini ya asilimia 25. Kuvu hukwama chini ya asilimia 15. Geuza hesabu kuwa mizani: kilo yako 1 ikishuka hadi gramu 330, bakteria umewaweza, ikishuka hadi gramu 290, na kuvu pia. Mizani ndogo ya dukani inakupa jibu ambalo wapishi wengi hulikisia kwa miaka. Pima vipande vya wavu mmoja kabla ya kuingia, andika kwenye karatasi, kisha upime kila baada ya saa sita. Samaki wa mafuta mengi maji yake ni machache tangu mwanzo, kwa hiyo hesabu hii itumie kwa changu na wenzake.

Kufika huko si kazi ya jioni moja. Baada ya kuiva, teremsha moto mpaka nyuzi 50 hadi 60, moshi uwe kidogo tu, uendelee usiku na mchana. Vipande vya unene wa kidole kimoja kwangu huchukua siku nzima na zaidi, vinene siku mbili. Usiku unaweza kuuacha moto ufe na kuuwasha alfajiri. Maji ya katikati ya nyama husogea nje wakati samaki amepumzika, na asubuhi yanatoka kwa urahisi. Jua likiwepo mchana, lisaidie. Masika, jua linapokosekana wiki nzima, moto ndio tegemeo, na nadhani ndiyo maana watu wa visiwa vya Maldivi, walio kwenye bahari hii hii yetu, huwachemsha jodari wao, wakawapitisha moshini, kisha wakawaanika, mpaka wanakuwa wagumu kama gogo na kusafirishwa mbali. Wajapani nao wana katsuobushi, jodari mdogo anayerudiwa moshini mara nyingi mpaka anaparwa kwa randa.

Kuweka

Mwache apoe kabisa. Nasema kabisa kwa sababu niliwahi kupoteza kolekole wa siku tatu za kazi. Nilikuwa nawahi boti ya kwenda Unguja, nikawatia wakiwa na vuguvugu kwenye ndoo ya plastiki na kukaza mfuniko. Mvuke uliotoka kwao ukarudi juu yao kuwa maji. Siku ya nne ndugu yangu alipofungua, juu pamejaa kuvu wa kijani. Tangu hapo nawalaza kwenye wavu usiku kucha chini ya chandarua, na asubuhi ndipo ninapofunga.

Pakacha au kapu la ukili lililotandikwa karatasi safi ndilo chombo kizuri. Linapumua. Samaki wa moshi mwenye unyevu aliyefungwa pasipo hewa na kuachwa kwenye joto ni hatari ya namna nyingine: kuna bakteria anayependa mahali pasipo hewa, anayezalisha sumu ya botulizimu, na sumu hiyo inaua bila kubadilisha harufu. Kwa hiyo mashine za kuvuta hewa zinazouzwa siku hizi zitumie kwa samaki anayekwenda kwenye friza pekee.

Ning'iniza kapu juu, mbali na sakafu na panya. Kila baada ya wiki moja, au mbili wakati wa kiangazi, mrudishe samaki kwenye moshi mdogo kwa saa mbili tatu. Mrudio huo unatoa unyevu aliouvuta hewani na unafukuza wadudu wale wadogo wagumu weusi, ambao funza wao wana manyoya na hutoboa nyama mpaka ikawa unga. Ukiwakuta, mrudishe motoni kwa nyuzi 60 na zaidi. Kumpulizia samaki dawa ya mbu au ya mende, jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulifanya kufukuza nzi, ni kumtia mlaji sumu. Samaki anayenuka dawa, au asiyeguswa na nzi hata mmoja huku wenzake wamezingirwa, mwache.

Kumpika

Aliyeiva kwa saa nne hana haja ya kupikwa tena siku hiyo. Kamulia ndimu, tia pilipili, basi.

Aliyekauka anataka subira kidogo. Kwa watu wanne chukua gramu 250, mvunje vipande, msuuze vumbi la moshi, mloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa. Maji ya kwanza yamwage, maana yana chumvi na uchungu wa masizi. Toa miiba yote inayotoka kwa vidole, hasa kama mna watoto.

Zikune nazi mbili, ukamue tui zito uliweke pembeni, kisha tui jepesi la pili. Kwenye sufuria weka tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, thomu na tangawizi zilizotwangwa, bizari ya manjano kijiko kidogo, na vipande vya embe mbichi au ukwaju uliokamuliwa. Tia samaki, mwache achemke kwa moto mdogo dakika 20. Utaona tui linageuka rangi, na ile harufu ya makumbi inapanda upya, safari hii imechanganyika na nazi. Ndipo umimine tui zito na uanze kukoroga bila kuacha, kuelekea upande mmoja, lisikatike. Likianza kutokota pembeni, epua. Pilipili mbichi iweke nzima juu, anayetaka ataibonyeza.

Kula na muhogo au wali. Chumvi onja mwisho kabisa, baada ya tui zito kuingia, kwa sababu samaki huendelea kuitoa ya kwake mpaka dakika ya mwisho.